Nilimwambia Papa Anselme aiamini kamera, si mkono wa mke wake

Mwenye kosa ni mimi. Nalisema hili mwanzoni kabisa, kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea nimekuzoea mno. Jina langu sitaji, na majina ya wengine nimeyabadilisha, lakini najua hapa Kalemie wapo watakaonitambua hata kabla hawajafika katikati. Watambue tu! Nimechoka kulala na jambo hili kifuani.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Labda niseme nilikuwa. Taa zikikataa kuwaka, honi ikilia yenyewe bila kuguswa, watu walikuwa wanaelekezana kwangu. Sifa zilinipanda kichwani, sikatai. Nikaanza kuongea na wateja kama daktari anayeongea na wagonjwa.

Papa Anselme namjua tangu utoto wangu, alikuwa jirani wa marehemu baba. Kazi yake ni kutengeneza vyerehani. Yeye na mke wake, Mama Rejina, walikuwa wakizunguka na gari lao soko hadi soko, mpaka Nyunzu, na barabara ikikubali mpaka Kongolo. Papa anatengeneza mashine za watu, Mama anakaa pembeni anashona. Walipochoka kulala kwenye vyumba vya kunguni, wakaligeuza gari kuwa nyumba. Wakaweka kitanda cha mbao, kabati la vyombo, jiko la gesi, pazia la kitenge. Papa alichonga kila ubao mwenyewe. Jamani, lilikuwa zuri! Ukiingia ndani hutaki kutoka.

Shida ilikuwa nyuma. Kitanda na kabati viliziba kioo chote cha nyuma. Tena gari lenyewe, kama mengi yanayotufikia kwa njia ya Kigoma, lina usukani upande wa kulia, wakati sisi huku tunaendesha kulia, kwa hiyo dereva anakaa upande asioona kitu. Na shingo ya Papa ni ngumu, haigeuki. Akitaka kurudi nyuma, Mama Rejina anashuka, anasimama kwenye kona ya gari, anagonga bodi kwa kiganja. Akigonga kidogo kidogo, maana yake njoo. Akipiga kofi zito, maana yake simama. Walifanya hivyo miaka yote na hawakuwahi kugusa hata kuku wa mtu.

Basi masika moja, kwenye barabara ya Nyunzu, Mama alishuka kumwelekeza Papa, akateleza kwenye matope akaumia nyonga. Waliporudi mjini, Papa akaja moja kwa moja karakanani kwangu.

"Mwana yangu," akaniambia, "sitaki Mama ashuke tena mu matope. Niliona magari ya bantu bengine iko na kamera ya nyuma. Na mimi uniwekee."

Mnaona? Alikuja kwa sababu ya mapenzi. Hicho ndicho kinachonimaliza kila nikikumbuka.

Kamera ya waya ndiyo ingefaa, lakini waya ungetaka kupita nyuma ya mbao zote zile, na Papa hakutaka kabati lake livunjwe. Nikamwambia ipo isiyo na waya mrefu. Kamera inachukua umeme kwenye taa ya gia ya nyuma, kisanduku kidogo kinarusha picha hewani, na ekrani, kile kioo kidogo mbele ya dereva, inaipokea. Papa akafurahi kama mtoto.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza. Ndani ya kile kisanduku kuna kiswichi kidogo cha kuchagua njia ya kurushia picha. Magari mawili yenye kamera za aina moja hayatakiwi kuwa kwenye njia moja, la sivyo picha ya hili inaweza kutokea kwenye ekrani ya lile. Kamera ya aina ile ile nilikuwa nimeshaifunga kwenye gari la kusambaza soda, linaloendeshwa na rafiki yangu, tumwite Trezo. Nilijua kabisa! Lakini siku ile nilikuwa na haraka, kulikuwa na harusi ya binamu yangu na suti yangu ilikuwa bado kwa mpiga pasi. Nikakifunga kisanduku bila kukigusa kiswichi, nikakificha nyuma ya ubao, nikakaza skrubu zote.

Tukawasha kujaribu. Picha safi, tukaona mwembe wa uani kwangu na mbuzi wa jirani. Papa akapiga makofi. Wakati huo huo Trezo akaingia na gari la soda, akapiga gia ya nyuma ili aegeshe. Ekrani ya Papa ikaruka. Mwembe ukapotea, ukatokea ukuta.

"Mwana, huu ukuta unatoka wapi?" Papa akauliza. "Nyuma yangu hakuna ukuta. Iko muti tu."

Nilielewa pale pale. Kazi yenyewe ilikuwa kufungua ule ubao, kusogeza kiswichi, kufunga tena. Basi! Lakini ningeonekana nimekosea mbele ya Trezo, na suti ilikuwa inaningoja.

"Ni kutetereka tu, Papa," nikasema. "Kitu kipya kinazoea gari pole pole."

Hata sasa nikiandika naona aibu. Kitu kinazoea gari! Na yeye akaamini, kwa sababu mimi ndiye fundi.

Kabla hajaondoka akaniuliza swali moja tena. Alikuwa ameshika usukani, Mama Rejina amekaa kando yake na kikapu magotini.

"Sasa, Mama akishuka akagonga, na kamera inasema hakuna kitu, nifwate nani?"

"Fwata kamera, Papa. Mukono unaweza kukosea. Kamera haikosee."

Mama Rejina akacheka. "Basi niko nje ya kazi," akasema. "Fundi amenifukuza."

Tukacheka wote watatu, nami nikaenda harusini.

Zikapita wiki bila neno. Nikajiambia hakuna tatizo, magari mawili yatakutana wapi yakirudi nyuma kwa wakati mmoja? Mjini petu! Pale ambapo boti ya Kigoma ikitia nanga kila mwenye gari anakimbilia sehemu moja! Nilikuwa nataka tu kujidanganya.

Siku moja Trezo akanijia analalamika. "Fundi, ekrani yako inanichezea. Juzi nilikuwa narudi nyuma karibu na kwako, nikaona mbuzi. Nikashuka, hakuna mbuzi! Unaniuzia kamera ao televisheni?"

Alikuwa anatania. Mimi nikakumbuka kwamba juzi ile Papa Anselme alikuwa amegeuza gari lake mtaani kwangu. Nikamwambia nitaiangalia, na kwa kuwa alikuwa anaelekea bandarini, nikapanda naye ili nione njiani.

Boti ya Kigoma ilikuwa imefika asubuhi ile. Mahali pa kupakilia palikuwa pamejaa, magunia ya unga, maboksi, wasukuma mikokoteni ya pusupusu wanapigiana kelele. Gari la Papa Anselme nililiona mara moja, nani asingeliona lile? Alikuja kuchukua vipuri vya vyerehani. Lilikuwa kando yetu, katikati yakiwa magari mengine mawili. Sisi tulikuwa tunarudi nyuma kuelekea depo ya soda, na nyuma yetu palikuwa patupu kabisa. Niliangalia kwa dirisha, nikaona uwanja mtupu na ukuta mweupe wa depo.

Trezo akapiga gia ya nyuma. Ekrani ikawaka. Ikaonyesha uwanja mtupu na ukuta. Halafu ikaruka.

Kwenye ekrani akatokea Mama Rejina.

Nilimtambua kwa kitenge chake cha kijani. Alikuwa ameshuka. Kamera au si kamera, mazoea ya miaka yote hayakumruhusu kukaa garini wakati mume wake anarudi nyuma penye watu. Nyuma yake kulikuwa na lundo la mbao zilizotoka kushushwa. Alikuwa amesimama kati ya gari na zile mbao, mkono umeinuliwa.

"He! Mama!" Trezo akapiga breki kwa nguvu hadi kichwa changu kikagonga mbele. Akatoa kichwa dirishani. "Mama, toka nyuma!"

Nyuma yetu hakukuwa na mtu. Trezo alikuwa amesimama kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa nyuma yake! Na yule aliyetakiwa kusimama alikuwa anaendelea kuja, maana kwenye ekrani picha ya Mama Rejina ilizidi kuwa kubwa. Nikaona kiganja chake kinapiga bodi. Nikaona anapiga tena, mdomo wazi. Ekrani haina sauti. Nilijua Papa Anselme anaona nini wakati ule. Anaona uwanja wetu, mtupu, na ukuta mweupe mbali kabisa.

Nilifungua mlango nikaruka. Nikaanguka kwenye gunia, nikainuka, nikapita kati ya magari nikipiga kelele: "Papa, simama! Simama, Papa! Simama!" Niliyasikia yale makofi ya Mama kwenye bodi, mazito, moja baada ya jingine, kisha sikuyasikia tena.

Nikamfikia Papa dirishani, nikamshika mkono wa usukani. Akakanyaga breki. Macho yake yalikuwa bado kwenye ekrani.

"Iko nini?" akaniuliza. "Nyuma iko butupu."

Sitaeleza niliyoyaona nyuma ya gari. Mama Rejina hakufa, namshukuru Mungu. Lakini mguu wake wa kulia haukuokolewa, madaktari waliukata chini ya goti. Mshonaji huyo, jamani. Mtu wa cherehani cha kukanyaga.

Mngedhani hapo ndipo ningesema. Hata mimi nilidhani nitasema. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikiyapanga maneno, na kila mtu akipita nayameza. Nilipeleka uji. Nilipeleka matunda. Nilikuwa nabeba vyombo vya chakula kama mkwe mwema, na watu wakanisifu.

Kaka zake Mama walikuja na boti kutoka Moba. Wakaitisha kikao cha familia, nyumbani kwa Papa, viti vimepangwa uani. Nami nikaitwa, kama fundi.

Kaka mkubwa ndiye aliyeongea. "Bantu bote ku bandari balisikia dada yetu anapiga gari, analia. Weye peke yako haukusikia?"

"Nilisikia," Papa akajibu.

Kaka mkubwa akainuka kitini.

"Ulisikia, na haukusimama?"

"Kwa ekrani niliona kiwanja kitupu. Niliona na ukuta mweupe."

"Ukuta mweupe? Nyuma ya gari yako kulikuwa mbao!"

Papa alikuwa na haki ya kusema: fundi huyu aliniambia nifuate kamera. Aliniangalia. Nilimwona ananiangalia. Kisha akainamisha macho chini, hakunitaja. Pengine aliona aibu kwa niaba yangu, pengine alikuwa ananingoja niseme mwenyewe.

Kaka mkubwa akanigeukia. "Fundi, sema mbele ya bantu. Ile kamera ilikuwa mubaya?"

Nikasema: "Ilikuwa muzima."

Maneno mawili! Niliyasema nikiwa nimeangalia viatu vyangu. Kwa hofu ya jina langu la ufundi, nilimvua mzee yule jina lake lote.

Baada ya hapo hakuna aliyemsikiliza tena. Walianza kusema wazi kilichokuwa kinasemwa pembeni, kwamba Papa Anselme amemtoa mke wake kafara ili biashara ya vyerehani ikue. Mulozi, yaani mchawi! Mtu aliyemchongea mke wake kitanda kwa mikono yake! Kaka zake Mama wakasema dada yao hatalala tena chini ya paa lile. Wakambeba mpaka kwenye boti, wakaondoka naye kwenda Moba. Papa alisimama ufukoni na magongo mapya mkononi, yale aliyomchongea, kwa sababu walikataa kuyapokea.

Watu wakaacha kumletea mashine. Watoto wakikatiza mbele ya mlango wake walikimbia. Na mimi nikazidi kunyamaza. Kile kisanduku nilikuwa nimeshakifungua kwa siri gari likiwa limeshikwa na polisi baada ya ajali, nikisingizia kukagua nyaya, nikasogeza kiswichi. Yaani kazi ile ile niliyoikwepa niliifanya hapo, ili kuficha!

Kisha mchana mmoja Papa akaja karakanani na lile gari. Amekonda, shati linamning'inia.

"Mwana yangu, nakuomba kitu kimoja. Nenda usimame nyuma ya gari. Mimi nitaangalia mu ekrani, nitakuambia unafanya nini. Weye utaniambia kama nasema kweli."

Nikaenda nyuma. Ningekataa vipi? Akapiga gia ya nyuma.

"Umeinua mukono ya kuume," akasema kwa sauti. Kweli nilikuwa nimeuinua. "Umevua kofia." Kweli. "Umeshika turnavisi." Kweli, bisbisi ilikuwa mkononi. Yote aliyaona, moja baada ya jingine, bila kukosea.

Gari likazimwa. Nikangoja ashuke, hakushuka. Nikaenda dirishani. Papa Anselme alikuwa analia, ameegemea usukani, analia kama watu wanavyolia msibani.

"Papa, juu ya nini unalia? Macho yako ni mazima."

"Njo maana nalia," akasema. "Nilikuwa naomba Mungu yawe mabovu. Macho ni mazima, kamera ni muzima. Basi nilimuona. Nilimuona bibi yangu na roho yangu ikakataa. Labda bale bantu banasema kweli. Labda niko na kitu mubaya ndani yangu, na mimi mwenyewe sikijue."

Mungu wangu! Mzee huyu alikuwa ameanza kuamini kwamba yeye ni mchawi. Nilikuwa nimemfikisha hapo. Nikakaa chini kwenye mafuta machafu ya karakana, nikamwambia yote. Kiswichi, harusi, ukuta, mbuzi wa Trezo, picha ya Mama kwenye ekrani yetu. Nikamwambia kwamba alichokiona siku ile kilikuwa kweli, ila kilikuwa nyuma ya gari lingine.

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Kwa hiyo sikuwa mwenda wazimu," akasema.

"Hapana, Papa."

"Na ku kikao ulijua?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa pole pole. "Usiniambie mimi. Nenda Moba umwambie yeye."

Nilipanda boti ya kwanza. Moba nikamkuta Mama Rejina kwa kaka yake, amekaa kwenye mkeka barazani, anashona vifungo kwa mkono. Nikapiga magoti, nikamwambia mbele ya kaka zake wote. Kaka mkubwa aliinuka kunikamata shingo, Mama akamzuia.

"Muache amalize," akasema.

Nikamaliza. Nilimwambia hata lile neno langu, kwamba mimi ndiye niliyemfundisha mume wake asiusikilize mkono wake. Hapo akafumba macho.

"Ulikuwa unaniletea uji," akasema. "Ku hospitali. Ulikuwa unanishikia kikombe."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nilikuwa nakuuliza, juu ya nini hakusimama? Nilikuuliza weye. Ulisema nini?"

Nilikuwa nimesema Mungu ndiye ajuaye. Sikuweza kulirudia neno hilo mbele yake.

"Nakuamini, mwana," akasema baadaye. "Najua sasa bwana yangu hakutaka kuniua. Kichwa kinajua. Lakini miezi yote hii nimelala nikimuogopa. Nikisikia hatua za mwanaume mu mulango, moyo unaruka, hata kama ni kaka yangu. Mwili ulishajifunza. Weye fundi, hiyo utaitengeneza na nini?"

Nilirudi Kalemie, nikasimama kanisani na sokoni nikasema ukweli, nikafunga karakana. Wapo walionitemea mate, na wapo walioona aibu wakaanza kumsalimia Papa tena. Mguu haukurudi, na Mama naye bado.

Nyinyi mnaosoma, mafundi, manesi, madereva, yeyote anayeaminiwa na watu, nawaomba kwa machozi. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata mbele ya wanaokusifu, hata kama suti inakungoja. Kosa langu la kwanza lilikuwa la kufungua skrubu chache. Kimya changu ndicho kilichomfundisha mwanamke kumwogopa mtu aliyekuwa anampenda. Msingoje kama nilivyongoja mimi, jamani, msingoje!

Boti ya Moba ikifika, Papa Anselme huvaa shati safi akashuka ufukoni kuangalia nani ameshuka. Anapita mbele ya nyumba yangu akienda, na ananisalimia. Akirudi huwa peke yake, nami najificha nyuma ya pazia mpaka apite.